Saa ya babu isiyokuwa na tarehe 31: nilivyoipeleka kwa fundi Kariakoo nikakaribia kuipoteza

Wakuu, salaam kwenu, wenyeji wa jukwaa na mnaosoma kwa kupita.

Humu kila mara naona mtu anauliza fundi saa wa kuaminika Kariakoo. Mimi nimempata, lakini kisa changu si cha kumsifia fundi wala kumponda. Haya yamenitokea mwenyewe mwaka huu. Majina nimebadilisha. Kampuni iliyotengeneza saa siitaji kwa kuwa haihusiki, na bei msiniulize kwa sababu siyo iliyonileta hapa.

Uzi una urefu kidogo, vumilieni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi kanzu, Mtaa wa Sikukuu, enzi zile nyumba za pale ni za chini na kila moja ina baraza. Leo mahali pake pana ghorofa la mabegi na vyombo vya plastiki. Alifariki nikiwa bado mdogo, madarasa ya chini kabisa.

Ninachokikumbuka vizuri ni mkono wake wa kushoto ukisukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani, na saa juu ya kifundo. Nakumbuka pia watu walikuwa wakipita barazani wanamuuliza kitu, anatazama saa, anajibu bila kusimamisha cherehani, wanaendelea na safari. Mimi nilijua wanauliza saa.

Saa yenyewe ni ya Uswisi, ya kutia ufunguo kwa mkono, ndogo kuliko saa za wanaume wa siku hizi. Uso wake ulikuwa mweupe, umeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Upande wa kulia ina kidirisha cha tarehe.

Babu alipoondoka, Bibi aliiweka ndani ya kikopo cha udi, kikopo kikaingia sandukuni. Haikuguswa tena.

Mwaka huu Bibi ameanza kugawa vitu vyake. Wenye wazee nyumbani mnajua hiyo hali. Hasemi kwa nini, anakuita tu anakupa. Binamu mmoja alipewa sinia la shaba, mwingine doti za kanga ambazo hazijawahi kukatwa. Mimi akanipigia simu.

"Mke mwenza, njoo uchukue cha mume wetu."

Kwa wasiojua utani huu: sisi wa pwani mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na Bibi ni wake wenza tangu nizaliwe. Ananisema kwamba nilimpora mume nikiwa sina hata meno.

Nikaenda kwake Ilala, upande wa Mchikichini. Nikamkuta Ami Seif, mdogo wake marehemu baba yangu. Bibi akafungua kikopo, saa ikatoka inanukia udi. Nikajaribu kutia ufunguo, kifungo kikazunguka bure. Nikasema nitaipeleka kwa fundi.

Ami akatikisa kichwa.

"Mama, saa hiyo ikiingia Kariakoo inarudi ganda. Ndani watatia mashine ya betri, na huyu atavaa anatamba kwamba saa ya babu yake. Bora ilale ilivyolala."

"Kaomba kuiamsha, hakuomba kuiuza," Bibi akasema.

"Haya, binti," Ami akanigeukia. "Itengeneze. Ila ikirudi siyo ile, inarudi sandukuni, na habari ya wewe kuivaa iishe."

Nikamtazama Bibi nikidhani atanitetea. Akakubaliana naye.

"Ikirudi siyo yake mimi nitaijua," akasema.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nikirudi na saa ya babu, ni yangu. Nikirudi na saa nyingine ndani ya ganda la babu, nimeipoteza, na nimewapotezea na wao.

Siku ile ningeweza kumuuliza Bibi chochote kuhusu saa ile. Nilimuuliza kitu kimoja tu, ilisimamaje. Akajibu, "Ilisimama kwa sababu aliyekuwa anaitia ufunguo hakuwepo." Nikaona imetosha.

Sasa niwaeleze kazi yangu, maana inahusika. Nakagua mizigo iliyoharibika safarini, kwa niaba ya watu wa bima. Gunia limelowa, katoni limepondeka, mimi napiga picha, naandika, natoa maoni. Nina mazoea ya kupiga picha kila kitu kabla hakijaguswa. Saa ile niliipiga mbele, nyuma, ubavuni, kifungo, hadi michirizi ya kifuniko cha nyuma. Nikajiona nimejipanga kuliko mafundi wote wa Kariakoo.

Fundi wa kwanza nilimpata Mtaa wa Kongo, ana meza chini ya mwavuli. Aliitazama kidogo tu.

"Dada, hii tunatoa mashine, tunaweka ya betri. Utasahau habari za kuamka unazungusha zungusha."

Maneno ya Ami, neno kwa neno. Nikaichukua saa yangu nikaondoka.

Wa pili nilielekezwa na muuza vitambaa. Yuko Mkunguni, chini ya ngazi za jengo moja. Kibanda chake ni kabati la kioo, taa ya kuinamia na kiti. Anaitwa Fundi Massawe, mtu wa Moshi, makamo, anaongea huku lenzi imemganda jichoni. Aliifungua mbele yangu kwa adabu, akanipa lenzi nitazame.

"Mafuta yamekauka yamekuwa gundi. Springi kubwa imekatika. Lakini mashine ni yake yenyewe, haijawahi kubadilishwa. Hii ukiiosha inatuzika wewe na mimi."

Nikampa masharti. Asitoe kitu chochote bila kunitaarifu na kunitumia picha. Akacheka.

"Dada, wewe umeshawahi kuibiwa na fundi, au ni mkaguzi?"

"Mkaguzi."

"Afadhali ungekuwa umeibiwa."

Niseme ukweli, Massawe alitimiza alichoahidi. Kila alipofika alinitumia picha. Springi kuukuu, springi mpya. Mashine chafu, mashine imeoshwa. Halafu siku moja nikiwa bandarini nakagua shehena ya mchele, ikaingia picha ya pete nyembamba ya bati yenye namba moja hadi thelathini na moja. Ile ndiyo inayozunguka chini ya uso wa saa, namba zikipita kidirishani mojamoja.

Akapiga simu.

"Dada, hii pete ya tarehe ina doa. Thelathini na moja haisomeki, nyeusi tii. Ninayo safi ya mashine hii hii. Nibadilishe?"

Nikaikuza ile picha. Kweli, thelathini zote safi, ya thelathini na moja imefunikwa na doa jeusi. Mbele yangu kulikuwa na magunia ya mchele yenye madoa ya maji ya chumvi, nami nilikuwa nayaandika kwenye kundi la hasara. Kazini kwangu doa ni doa.

"Badilisha," nikasema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nalinda mashine, na mashine haikuwa na tatizo lolote.

Jambo moja niliona kwenye ile picha na sikulifikiria. Lile doa lilikuwa na pembe nne. Uchafu hauna pembe nne. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni ofisini kutazama umbo la doa kabla ya rangi yake.

Nilikwenda kuichukua siku ya mwisho wa mwezi. Saa inakwenda, sauti yake nyepesi kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Massawe alikuwa ameiweka sawa na simu yake, saa, dakika na tarehe. Kidirishani panasomeka 31, nyeupe safi. Nikapiga picha ya mwisho, nikaenda Ilala moja kwa moja.

Ami alikuwepo. Bibi akavaa miwani, akaishika saa kwa mikono miwili, kwanza akaiweka sikioni. Akasikiliza muda mrefu.

"Ndiyo yeye," akasema.

Nikamtazama Ami kwa jicho la ushindi. Halafu Bibi akaishusha, akaisogeza dirishani penye mwanga. Uso wa Bibi ukabadilika. Akaivua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa tena.

"Mke mwenza, hii siyo saa ya mume wetu."

"Nilisema," Ami akasema, taratibu tu, kama mtu aliyekuwa anasubiri.

Nikatoa simu. Nikamwonyesha Ami picha zote, ya kabla na ya baada, namba iliyochongwa kwenye mashine ni ileile. Ami ni mtu wa haki, alizitazama moja moja.

"Mama, mashine ni yenyewe kweli."

"Sijasema mashine," Bibi akajibu. "Mume wangu hakuwa na thelathini na moja. Doa lake liko wapi?"

Nikaizima simu.

Bibi akatueleza, na nawaeleza kama nilivyosikia.

Wale watu waliokuwa wanapita barazani hawakuwa wanauliza saa. Walikuwa wanauliza mwezi ngapi leo. Mwezi wa kuandama. Mwenye nadhiri, mwenye maulidi, mwenye kufunga siku za katikati ya mwezi, mwenye kuhesabu eda ya binti yake, wote walipita kwa fundi kanzu. Babu aliiweka saa ile kwa mwezi wa kuandama, siyo kwa kalenda ya ukutani.

Na mwezi wa kuandama una siku ishirini na tisa au thelathini. Thelathini na moja haipo.

"Akaona hiyo namba inamchanganya," Bibi akasema. "Siku moja alikaa pale barazani, akabandua kioo kwa ncha ya mkasi, akasubiri namba ije kidirishani, akaitia wino kwa njiti ya kiberiti. Mimi nilikuwa namshikia kioo. Basi mwezi wa ishirini na tisa alingoja watu wauone. Mwezi wa thelathini, doa likitokea, ujue umekwisha, hakuna cha kungoja, anausogeza mosi."

Ndiyo maana doa lilikuwa na pembe nne. Lilikuwa na umbo la kidirisha.

Na haikuishia hapo. Bibi akanionyesha mishale. Ilikuwa saa kumi alasiri na mshale mfupi uko kwenye nne, kama saa zetu zote. "Babu yako angekuwa kwenye kumi," akasema. Alikuwa anaivaa kama tunavyosema midomoni, saa kumi ni kumi. Jua likizama mishale yote miwili iko juu kwenye kumi na mbili, na tarehe inaruka saa hiyohiyo, magharibi.

Hilo la siku kuanza magharibi nililisoma chuo cha Kurani nikiwa mtoto, kwamba Alhamisi jua likizama umeshaingia Ijumaa. Sikuwahi kuwaza kwamba unaweza kuichukua saa ya Uswisi ukaifanya itii.

Ami akaniuliza, "Hiyo pete ya zamani unayo?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiacha kwa fundi.

"Basi ifuate," akasema. Bibi akaishikilia saa mapajani bila kuirudisha kikoponi. Nikaona nimepewa nafasi.

Nikafika Mkunguni Massawe anafunga kabati. Nikamwambia nataka ile pete yenye doa. Akavua lenzi, akanitazama kwa macho mawili, mara yangu ya kwanza kuyaona yote pamoja.

"Dada, kuna tatizo."

Ile pete safi hakuwa nayo dukani kama spea. Aliitoa kwenye saa ya mteja mwingine, saa ya aina ileile, iliyotelekezwa pale tangu mvua za mwaka jana. Akajua mwenyewe hatarudi. Mwenyewe akarudi. Massawe akaifunga haraka haraka kwa pete iliyokuwepo mezani, ya babu yangu, akampa.

"Nikasema miezi yenye thelathini na moja siyo yote, muuza samaki wa Feri hana muda wa kuangalia."

"Kwa hiyo umemvisha mtu doa la babu yangu."

"Kwa lugha ya kikaguzi, ndiyo."

Halafu akatoa wazo, na nitalisema kwa sababu wengi wenu mtaliwaza. Alisema alete wino, tulitie doa jingine kwenye pete iliyopo, dakika moja imekwisha. Bibi mwenyewe anatazama kwa miwani. Nani atajua?

Nilisimama pale kidogo. Lilikuwa jibu rahisi, na lingefanya kazi ileile. Lakini nilikumbuka Bibi akisema alikuwa anamshikia kioo. Ningevaa ile saa na kila nikiitazama ningemwona Massawe.

"Kesho asubuhi tunaenda Feri," nikamwambia. "Wewe na mimi."

Mteja anaitwa Kassim ila ukimuulizia hivyo hakuna anayemjua. Wanamwita Nguru. Tulimkuta mezani kwake kati ya kelele za mnada, mtu mpana, saa ameivaa juu karibu na kiwiko isilowe. Alipomwona Massawe akaweka kisu chini.

"Fundi, afadhali umejileta mwenyewe. Jana saa yangu imepofuka."

Jana yake ndiyo ilikuwa thelathini na moja.

"Ndiyo tumekuja kwa hilo, kaka," Massawe akasema.

"Nyie watu wa Moshi mkiachiwa kitu mnakirudisha na mabadiliko."

"Na nyie wa pwani mkiacha kitu mnasahau mmekiacha wapi."

Niliwaacha wamalizane, kisha nikajieleza. Babu, baraza, mwezi, wino, njiti ya kiberiti. Nguru alisikiliza huku amekinyanyua kiwiko anachungulia kidirisha.

"Kwa hiyo ukihesabu mwezi kwa hii, inakwenda sawa? Na tarehe inaruka magharibi?"

"Ukiiweka hivyo, inaruka."

Akashusha mkono, akauvuta kwake.

"Basi hii siwapi."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Dada'angu, hii ndiyo saa ya Feri. Mimi kila siku nauliza watu mwezi ngapi. Bamvua ya maji makubwa inaanza lini, maji mafu lini, chombo gani kitaingia na nini. Simu inayo yote hayo, lakini tazama mikono yangu." Akainyoosha, imejaa magamba hadi kwenye kucha. "Simu siwezi kuishika hadi jua likae utosini. Saa naitazama tu."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuja kumwomba mtu aachie kitu kibovu, nikamkuta ndiye mtu wa kwanza tangu babu afe anayekihitaji kwa kazi yake hasa.

Mama mmoja anayekaanga samaki meza ya jirani alikuwa anasikiliza muda wote.

"Nguru, unang'ang'ania doa la marehemu na shati lako zima ni madoa?"

Watu wakacheka. Nguru hakucheka.

Massawe akasema, "Kaka, mimi nitakutilia la kwako."

"Likifutika?"

"Unajua nilipo."

"Nilijua ulipo na bado ukanivua namba."

Nikaona akiendelea Massawe tutaondoka mikono mitupu.

"Kaka Kassim," nikamwambia, "kwako lile doa ni kazi. Akilitia fundi, akilitia mkeo, litafanya kazi ileile. Kwetu ni mkono wa babu. Kanzu zote alizoshona zimevaliwa zikachakaa zikawa matambara. Hilo ndilo lililobaki alilolifanya kwa mkono wake, na bibi aliyemshikia kioo bado yupo anangoja."

Akaja mteja, Nguru akampimia samaki changu, akamfungia, akamrudishia chenji. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwa shati.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Ilala."

"Nikimaliza biashara nakuja Mkunguni. Ila na langu litiwe leo, tena mimi nikiwepo."

Alikuja baada ya adhuhuri, ameshabadili shati. Massawe akazifungua saa zote mbili kwenye kitambaa kimoja. Aliponipa lenzi nilitazame doa, nililitazama kwa mara ya kwanza kama inavyotakiwa. Pembe tatu zimenyooka kabisa, kazi ya mtu aliyezoea kufuata mstari. Pembe ya nne wino umevuja kidogo, uzi mwembamba kuelekea kwenye moja. Mkono ulimteleza hapo. Labda Bibi alimsemesha.

Pete ikarudi kwenye saa ya babu, ile safi kwenye ya Nguru. Kisha ikawa zamu ya Nguru. Massawe akazungusha mpaka thelathini na moja ikaja kidirishani, akachovya pini kwenye wino, akashikilia pumzi. Mafundi wanaofanya kazi ndogo sana nimegundua hawapendi kutazamwa, na sisi tulikuwa wawili juu ya kichwa chake.

"Lako limekaa kama jicho la samaki kibua," Nguru akasema.

"Lina kazi au halina?"

"Lina."

Akaiweka kwa mwezi, akaivaa juu karibu na kiwiko kama kawaida, akaondoka.

Ilala nilifika kabla ya magharibi. Niliizungusha mishale mbele ya Bibi, tarehe zikapita moja moja hadi kidirisha kikawa cheusi. Akasogea.

"Huyo hapo," akasema.

Aliweka kidole juu ya kioo, palepale kidirishani, akakiacha.

Baadaye akanifundisha kuiweka. Simu weka mbali, akasema. Leo mwezi kumi na sita, iweke kumi na sita, leta mishale juu karibu na kumi na mbili, vuta kifungo isimame. Tukakaa hivyo, mimi nimeshika kifungo kwa kucha, yeye ameinamisha kichwa kusikiliza nje. Msikiti wa karibu ukakohoa kwenye kipaza sauti, adhana ikaanza.

"Sasa."

Nikasukuma. Saa ikaanza kwenda. Baada ya kitambo kidogo kumi na sita ikateleza, kumi na saba ikakaa mahali pake.

Ami alirudi kutoka msikitini akatukuta bado tumekaa. Akaichukua, akaiweka sikioni, akaisogeza kwenye taa. Nikaanza kumwonyesha picha ya pete, akanyanyua mkono kwamba haina haja. Bibi alikuwa amemwangalia tu na kumwitikia kwa kichwa, ikatosha.

Akanirudishia saa, akangoja niivae. Kisha akauliza, kwa sauti ya mpita njia aliyeko barabarani:

"Mwezi ngapi leo?"

Nikatazama mkononi.

"Mwezi kumi na saba, Ami."

"Haya," akasema, akaingia ndani kula.

Tangu hapo wakuu, naishi na saa mbili. Simu ni ya ofisini, mkononi ni mwezi. Wenzangu kazini wakichungulia wanadhani imeharibika, na mara mbili nimeshaelekezwa fundi. Mtaani kwa Bibi imeshajulikana, mama wa nyumba ya tatu ananiuliza nikipita. (Tafadhali msianzishe mjadala wa mwandamo hapa, mods watafunga uzi. Mimi nafuata anachosema Bibi.)

Mwezi ulipokwisha nilikuwa kwenye foleni ya gari Mnazi Mmoja, giza limeingia, simu ikaita. Namba siijui.

"Dada, Nguru hapa. Yangu imekuwa nyeusi."

Nikatazama ya kwangu. Nyeusi pia.

"Isogeze mosi, kaka," nikamwambia.

"Haya. Mwezi mwema."

Nilichojifunza nakiweka kwa kifupi. Ukirithi kitu cha zamani na unataka kukitengeneza, usianze na fundi. Anza na aliyeishi nacho. Mwulize kila mkwaruzo, kila doa, kila kilichokaa upande, kabla hujaruhusu mtu akinyooshe. Na ukibadilisha spea yoyote, ondoka na ile kuukuu mfukoni, hata kama inaonekana takataka. Mimi nililinda kitu kikubwa chote, karibu nipoteze kile kidogo ambacho ndicho kilichokuwa cha babu.

Nawaachia nafasi. Nani mwingine humu ana kitu cha mzee wake chenye ubovu wa ajabu ambao hakuna anayejua ulitoka wapi? Redio, cherehani, baiskeli, chochote. Kielezeni, na kama mwenye kukijua bado yuko hai, kamuulizeni kabla ya kujibu hapa.

Naandika haya mwezi ishirini na tatu. Magharibi bado kidogo.